Umri: Mtu Mzima

Harusini hakualikwa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine yote, ingawa yeye mwenyewe asingekubali.

Malindi ya miaka ya themanini, mtu akiozesha binti alialika mtaa mzima, hata wale wasioamkuana. Lakini Karani alirukwa. Hakuwa na uadui na mtu. Kazi yake ilikuwa kuandika waliokufa, na watu waliona mkono uliowaandika maiti asubuhi haufai kutiwa kwenye sinia la pilau mchana. Bibi mmoja wa jirani yetu kila akimwona anakuja alikuwa akivuka upande wa pili wa njia, huku akisoma dua anazozijua. Karani naye, kwa ukorofi tu, humfuata kulekule aliko. "Shikamoo mama!" humpigia kwa sauti. "Leo sikukufuata wewe, usiwe na wasiwasi!" Bibi wa watu hutaka kuanguka.

Jina lake nalijua, lakini nikilitaja hapa hamna atakayemtambua. Ofisini, sokoni, msikitini, hata kwa mkewe nyumbani, alikuwa Karani. Wajeuri walimwita Karani wa Vifo, naye hakukataa. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ile, meza yangu ikitazamana na yake, na kwa miaka sita tulikula mihogo ya kukaanga kwenye karatasi moja. Nilikuwa mwanamke wa makamo wakati huo, mjane mwenye ulimi mrefu, na yeye ulimi wake haukuwa mfupi. Tuligombana kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, kwa kuwa Jumapili ofisi ilifungwa.

Alikuwa bahili, jamani! Wino aliutia maji. Bahasha ya serikali aliigeuza ndani nje akaitumia tena. Lakini mtu akitoka bara huko kwa miguu, amekuja kutafuta cheti cha kifo cha babaye, Karani alikuwa akimwuliza kwanza, "Umekula?" Asipojibu upesi, huchomoa noti mfukoni akanipa mimi. "Nenda kamletee chai na mahamri." Nikimwambia mimi si tarishi wake, hunijibu, "Ndiyo, lakini una miguu."

Ndevu alizitia hina. Halwa aliipenda mpaka daktari akamkataza, kisha akawa anaila kwa siri nyuma ya kabati la mafaili, nami nilimsikia akilamba vidole. Na katika mambo yake yote, hili ndilo lililonichekesha zaidi: mtu huyu aliyeishi na vifo alikuwa akiogopa maiti. Akizikwa mtu, yeye hubaki nje na wanaoshikilia viatu. Kuosha hakuosha, kaburini hakushuka. Nikamwuliza siku moja, wewe mwanamume gani? Akasema, "Mimi nawajua kwa majina. Ukimjua mtu kwa jina, kumwona amelala vile ni jambo gumu."

Saa saba mchana, taarifa ya habari ikimalizika, redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Hapo Karani huinua kiganja, na ofisi nzima hunyamaza. Mtangazaji anasoma, habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, na fulani popote alipo, na Karani anaandika upesi kwenye daftari la shule, lile la kurasa sitini na nne. Hakuna aliyemtuma. Gazeti nalo lilimfikia siku ya pili au ya tatu kutoka kwa Mhindi wa duka la vitambaa, likiwa limekwisha somwa na nyumba nzima. Alikata zile picha za marehemu kwa wembe na kuzibandika kwa uji wa muhogo. Mende walizipenda sana kurasa zile.

"Ya nini yote haya?" nilimwuliza.

"Daftari la serikali lina safu tisa," akasema. "Mtu hamalizwi na safu tisa."

Na madaftari hayo ya takataka, kama nilivyoyaita, ndiyo yaliyotuokoa mara nyingi, maana la serikali lilikuwa balaa. Karani aliyekuwapo kabla yake alikuwa mtu mtiifu. Aliambiwa apange vifo kwa herufi ya kwanza ya jina, naye akapanga. Lakini machifu wadogo waliokuwa wakileta karatasi ni watu wa adabu, hawawezi kuandika jina la mtu aliyekufa likiwa tupu, ni aibu. Wakaandika Marehemu Kazungu, Marehemu Fatuma, Marehemu Katana. Basi yule mtiifu akawaweka wote kwenye M! Herufi nyingine zina kurasa mbili tatu, M ni kitabu kizima. Karani alitumia mwaka wake wa kwanza kuwatoa watu kwenye M mmoja mmoja, na kila akimtoa mtu humwambia, "Haya baba, rudi kwenu."

Kumtafuta mtu humo ilikuwa kazi ya kubembeleza, maana watu wa bara hawakuja na tarehe. Ukiuliza alikufa lini, unaambiwa, "Mahindi yalikuwa yamefika magotini." Karani hakumfukuza mtu kwa hilo. "Mahindi ya vuli au ya masika?" atauliza. "Na mtoto wako huyu alikuwa ameanza kutambaa?" Ataenda hivyo, polepole, mpaka atie kidole kwenye mwezi wenyewe. Nilimwona mara nyingi akifanya hivyo, na kila mara niliona raha, ingawa sikumwambia.

Kwenye safu ya sababu ya kifo ndipo alipokuwa mkali. Chifu mdogo akiandika "kazi ya Mungu", karatasi inarudi. "Hiyo si sababu," anasema, "hiyo ni saini. Iko kwenye zote." Akiandika "amerogwa", inarudi pia, na hapo Karani alikuwa akiongeza kwa kalamu nyekundu, "Na nani? Ana cheti?" Maneno kwake yalikuwa mali. Alikuwa mtu wa Mambrui, na watu wa Mambrui wanajiona Kiswahili kilizaliwa kwao, kikaja Malindi kutembea tu. Nilimtania kwa hilo mpaka alipostaafu.

Sasa nisimulie habari ya Mekadzo, kwa sababu bila yeye huyu Karani ni kichekesho tu, na hakuwa kichekesho.

Alikuja mwanamke wa Kigiriama asubuhi moja, mtu wa umri wangu, kajifunga leso mbili, vumbi la Vitengeni mpaka magotini. Alisema aitwa Mekadzo, yaani mama wa Kadzo, bintiye wa kwanza. Mumewe alikwisha kufa zamani. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwenda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, na miezi minne nyuma redio ilimtangaza kuwa amekufa na amezikwa hukohuko. Nyumbani walikaa matanga, wakanyoa, wakamaliza. Mke wa kijana ameshapewa ndugu wa huyo marehemu amtunze.

"Umekuja kuchukua cheti," Karani akasema.

"La. Nimekuja mnionyeshe pale mlipomwandika."

"Unajua kusoma, mama?"

"Sijui. Nitie kidole tu." Kisha akasema, bila kutuangalia, "Watu wote wamelia. Mimi machozi hayajatoka. Miezi minne. Nyumbani wanasema mama gani huyu hamlilii mwanawe. Wameanza kuniona mchawi. Kama yupo humo nionyesheni, nilie niwe kama watu."

Sisi sote tulijua bara huko neno mchawi linamfikisha mtu wapi.

"Jina lake nani?" Karani akauliza, na kalamu iko tayari.

Mekadzo akatazama dari.

"Mama, jina la kijana."

"Siwezi kulitaja."

Mimi nilianza kuona kero, Mungu anisamehe, lakini Karani akaiweka kalamu chini. "Ni jina la mkweo?"

Akaitikia kwa kichwa. Kwao mwana wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na mke hathubutu kulitamka jina la baba mkwe, hata awe anamwita mtoto aliyemzaa mwenyewe. Miaka yote alikuwa akimwita mwanawe "Baba".

"Basi nitataja mimi," Karani akasema. "Likifika, wewe angalia chini. Kazungu? Katana? Kahindi? Karisa?"

Akaangalia chini.

"Karisa. Na babaye, mumeo?"

"Charo." Hilo aliweza, kwa kuwa mumewe alikwisha kufa, lakini alilisema kwa sauti ndogo.

Karisa Charo. Tangazo lile nililijua. Nililipiga chapa mimi. Chifu mdogo wa upande wa Gongoni alileta habari ya mtu aliyekufa huko peke yake, asiye na jamaa, aliyesema kwao Vitengeni. Karani aliandika tangazo la redio ili jamaa wapatikane: Karisa Charo, mtu mzima, wa Vitengeni. Redio walitaka maneno machache. Mimi nikalikata lile "mtu mzima". Niliona halisemi kitu. Nani asiye mtu mzima, isipokuwa mtoto?

Karani alifungua daftari. Nilimwona kidole chake kikishuka mpaka kwenye mstari, kikasimama. Jina, mwanamume, homa, kazikwa mahali alipofia. Umri: mtu mzima.

Mekadzo akanyoosha mkono wake aweke kidole.

Karani akalifunga daftari.

"Na mwenye jina?" akauliza. "Babu mtu yuko wapi?"

Mekadzo akasema mkwewe aligombana na wanawe kitambo, akaondoka akavuka Mto Sabaki, wakati huo Kadzo bado ananyonya. Hakurudi. Husemwa alikufa.

"Nani alimzika?"

"Hakuna ajuaye," akasema.

"Naye akiitwa Karisa. Na babaye akiitwa nani?"

"Charo," akasema. Kwao majina huzunguka hivyo. Karisa anamzaa Charo, Charo anamzaa Karisa, na babu na mjukuu wanakuwa na jina moja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hapo Karani akamwambia polepole, "Mama, humu mna Karisa Charo. Lakini siwezi kukwambia ni wako. Nenda nyumbani. Usilie bado."

Alipotoka nilimrukia Karani kama paka. Unampa mama wa watu matumaini kwa neno moja?

"Maneno mawili," akasema. Akanifungulia karatasi yenyewe ya chifu mdogo, akatia kidole kwenye "mtu mzima". "Huyu aliyeandika ni mtoto wa Mambrui, mamaye na mamangu walikopeshana chumvi. Kwetu sisi kijana wa kazi hatumwiti mtu mzima. Tungeandika kijana, au mwanamume. Mtu mzima ni mzee. Ni adabu, tusimwambie mzee amezeeka."

Nikamwambia hata Mambrui watu hukosea. Akasema, "Huko hukosea njia, hawakosei adabu."

Nisifiche. Sikumpinga kwa sababu nilikuwa na hakika. Nilimpinga kwa kuwa, kama yeye yu sahihi, basi aliyewakalisha watu wale matanga ni mimi. Yeye alilijua hilo tangu siku ile. Nakala ya tangazo ilikuwa ndani ya faili lake, na kalamu yangu imepita juu ya maneno mawili. Hakuniambia neno, na hilo lilinichoma zaidi kuliko angenitukana.

Alimwandikia chifu mdogo, kumbe kaacha kazi na kwenda Uarabuni. Aliyeshika nafasi yake akajibu kwamba kaburi lipo. Ahsante sana! Shemeji yake Mekadzo, aliyekuwa mkubwa wa mji wao, yaani boma la ukoo, akaenda Gongoni kuuliza kwenye chumvi, akaambiwa kijana Karisa aliacha kazi siku nyingi kabla ya kifo kile, na wengine wakasema alikufa, na wengine hawamjui. Akaja ofisini amekasirika, anataka cheti, shamba lipimwe na mambo yaishe.

"Hiki kifo si cha mwanenu," Karani akamwambia.

"Una ushahidi gani?"

"Sina. Na wewe huna."

"Sisi tumekwisha mlilia!"

"Machozi hayarudishwi," Karani akasema, "lakini cheti sitoi." Yule bwana akaapa atamshtaki kwa mkubwa. Akamshtaki, kweli, na Karani akaandikiwa barua kali, ambayo nililazimika kuipiga chapa mimi. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akaanza kuandika hesabu ya mihogo yetu.

Tangu hapo, kila baada ya mavuno, Mekadzo alikuja. Huleta kunde, au maboga, na mara moja kuku aliyetuvuruga ofisi nzima. Hakai. Husimama mlangoni akauliza, "Bado?"

"Bado, mama," Karani husema.

Naye hushusha pumzi, akarudi kwao. Kadzo bintiye alikuwa akimpa hifadhi kwa mumewe, kwa kuwa mjini kwao maneno yalizidi. Mimi nilikuwa nikiyatazama haya na roho inanichoma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wasemavyo, nami mwana sikujaliwa kuzaa, lakini ile "bado" ilinitoboa. Siku moja Karani akiwa mgonjwa, mimi ndiye niliyemkuta Mekadzo mlangoni. Nilikusudia kumwambia kweli, kwamba hatujui lolote, kwamba ni dhana ya mzee mmoja mwenye kiburi cha lugha. Akauliza, "Bado?" Nikajikuta nasema, "Bado, mama." Kisha nikaingia chooni nikalia.

Karani alistaafu, akarudi Mambrui. Tulimchangia saa ya ukutani. Madaftari yake ya shule aliyachukua kwa mkokoteni, akaniachia ufunguo wa kabati na mende wake. Nikapewa kazi yake, na mimi nikaanza kurukwa harusini.

Mwaka uliofuata akaja Kadzo peke yake. Mamaye alikufa kwa kifua. Alimwagiza bintiye, akifika mjini apite amwambie Karani asimngoje tena. Nikamwuliza, mama alipata kumlilia Karisa? Kadzo akasema, "Hata siku moja." Sikuwa na moyo wa kumpelekea Karani habari hizo. Nikasema nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo zikawa nyingi.

Kisha, katika siku ya kawaida kabisa, akaja mwanamume kuandikisha mtoto. Upande wetu wa vizazi ulikuwa na dirisha hilohilo. Mikono yake ilikuwa imepasuka kama ya watu wa chumvi. Mtoto ni msichana, akasema, akataja jina. Nikamwuliza kwa nini jina hilo, nikiwa naandika tu, na akasema ni la mamaye, wao hurithisha.

"Kwenu wapi?"

"Vitengeni."

"Jina lako?"

"Karisa Charo."

Niliishika meza. Nikamwuliza, mamako watu humwitaje? Akasema, "Mekadzo," na akatabasamu kidogo, kama mtu anayesikia harufu ya kwao.

Wallahi, nilimgombeza kabla sijamwonea huruma. Ulikuwa wapi wewe? Akasema alikwenda Garsen kwa kazi, na huko ndiko alikopata habari ya kwamba yeye amekufa. Akaambiwa matanga yamekwisha, mkewe kapewa ndugu yake. "Nimeshakaliwa matanga, mama," akaniambia. "Mtu aliyekaliwa matanga arudi vipi mjini kwao? Wangenikimbia. Na yule ndugu yangu nimwambie nini, toka ndani ya nyumba? Nikasema nikipata nguvu nitamtuma mtu kwa mama, kwa siri." Miaka ikapita anatafuta nguvu.

Ikanibidi nimwambie. Nilimwambia yote, na lile la kalamu yangu pia. Alikaa chini palepale kwenye sakafu ya simenti, mkono umeshika karatasi ya kizazi, akamlilia mamaye mpaka watu waliokuwa foleni wakatoka nje wenyewe bila kuambiwa. Kisha nikamwelekeza kwa Kadzo.

Jioni nilikwenda Mambrui.

Karani nilimkuta barazani kwake. Macho yalikuwa yamekwisha, akanijua kwa hatua. "Njoo, mpiga chapa. Umekuja kunitukana?" Ndevu zilikuwa nyeupe, hina aliiacha. Mkewe akatuletea kahawa na akatuacha.

Nikamwambia Karisa yu hai. Nilidhani ataruka, atanikumbusha maneno mawili, atajisifu kwa Kiswahili cha Mambrui mpaka magharibi. Aligeuza uso kwangu na kuuliza, "Mama yake ameambiwa?"

Ndipo nikamwambia na hilo, kwamba mama amekufa bila kumlilia mwanawe. Nikamwambia pia kwamba ni mwaka mzima nalijua, nikamficha. Nikalia, nikamwomba radhi kwa tangazo, kwa matanga ya bure, kwa kila siku niliyomwona mwongo.

"Matanga hayakuwa ya bure," akasema. "Yule mtu mzima aliondoka amekosana na wanawe, na wanawe na wajukuu wakanyoa, wakamlilia kwa jina lake. Wangejua ni yeye wasingelia hivyo. Radhi usiniombe mimi."

Akapapasa mkeka, akakiweka kikombe chake chini.

"Umesema hakulia?"

"Hata siku moja. Kadzo alikuwapo mpaka mwisho."

"Hata siku moja," akarudia, na machozi yakaanza kumtiririka kwenye yale macho yasiyoona, naye hakuyafuta. "Basi alikufa ana mwana."